Kidole cha Ukoo

Watu wengine hutambua ndugu zao kwa pua au kwa masikio. Sisi tulikuwa na kidole. Kidole gumba cha mguu kilichoinama kuelekea wenzake kama mtu anayenong'onezwa umbea, na kando yake kinundu kimechomoza. Marehemu babu alikuwa nacho. Baba anacho. Shangazi anacho, tena chake kimekilalia kidole cha pili hadi hicho cha pili kikajikunja kama nyundo.

Mimi sikuwa nacho. Nilipokuwa mdogo nililia kila nilipovishwa viatu alivyonishonea Baba, ambaye ni fundi viatu, mpaka Mama akachoka na kuninunulia raba. Vidole vyangu vikakua vimenyooka kama vya mtu baki.

"Wewe tulikuokota sokoni," Baba alizoea kusema. "Ulikuwa umekaa juu ya fungu la viazi, unatabasamu."

Nilicheka naye, ingawa siku nyingine kicheko kiliishia menoni.

Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi tu, nimesomea tiba ya viungo, na moyoni nimeazimia kuwaondolea watu wote maumivu, nikianzia nyumbani. Nyumbani waliniita Daktari wa Kwato. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumapili ile Kinyozi alipokuja kumposa Shangazi.

Shangazi alikuwa mjane, mshona mapazia, na aliishi nasi. Kinyozi alikuwa jirani wa Baba kazini. Ukuta mmoja uligawa kibanda chake cha kunyolea na karakana ya viatu, na tangu ujana wake hakuwahi kuvaa kiatu ambacho Baba hakukishona. Alilelewa na mama yake peke yake; baba yake hakumjua. Alikuwa mpole, mcheshi, na Shangazi alimpenda hata akaanza kumpelekea pazia jipya kila pazia la zamani lilipopata doa.

Alifika amenyoosha shati na kunukia manukato yote anayowapulizia wateja. Baba alikuwa kwenye kiti kikubwa. Mama alimimina chai. Shangazi alijificha nyuma ya pazia la jikoni, ila pazia lilikuwa linapumua. Kinyozi akavua viatu ukingoni mwa zulia, akapiga hatua moja, na hapo kupitia tundu la soksi kidole chake kikatuchungulia.

Kimeinama. Kina kinundu.

Chai ilimpalia Baba. "Vua soksi."

"Mzee?"

"Zote mbili!"

Kinyozi akavua. Baba akapiga magoti, akaitazama miguu ile kama anayetazama picha ya marehemu. "Baba yako alikuwa nani?"

"Sikumjua, mzee. Mama alisema tu alikuwa na maneno matamu."

"Maneno matamu!" Baba akashika kichwa. "Marehemu baba angeweza kumuuzia samaki maji! Mdogo wangu! Njoo nikukumbatie, mdogo wangu!"

"Mzee, mimi nimekuja kuposa, sikuja kurithi," Kinyozi akasema, sauti ikitokea kwapani mwa Baba.

Pazia likapasuka nusu. "Kaka, usiniharibie!" Shangazi akatoka na kijiko cha mchuzi mkononi.

"Utaolewaje na ndugu yako? Tazama kidole!"

"Nimekiona. Nimekipenda. Rudi kwenye kiti chako."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Baba akalia, sijui kwa furaha ya kupata ndugu au kwa aibu ya babu, nadhani vyote viwili. "Posa hii imekufa. Nitawatangazia watu Jumapili ijayo kwamba tumempata kijana wetu."

Shangazi akaketi sakafuni. Hakulia. Alikunja kile kijiko taratibu, na hilo lilinitisha kuliko machozi. Nikajua nisiposema leo, masomo yangu yote yamekuwa bure.

"Baba, hicho kidole hakitoki kwa babu. Kinatoka kwenye kiatu."

"Kiatu gani?"

"Chako."

Baba akavigeukia viatu vya Kinyozi ukingoni mwa zulia.

"Daktari wa Kwato," Baba akasema polepole, "kiatu changu hakijawahi kumkosea mtu."

Nikatandika gazeti sakafuni. Nikamwomba Kinyozi asimame juu yake, nikachukua chaki ya Shangazi ya kukatia vitambaa, nikauchora mguu wake. Kisha nikaweka kiatu chake juu ya mchoro. Mchoro ulitokeza pande zote mbili, kama mtu mnene aliyejificha nyuma ya nguzo.

"Ngozi hutanuka," Baba akasema.

"Imetanuka mpaka imechoka, Baba. Mbele pamebana, kidole gumba kinasukumwa kila siku, mwisho kinahamia kwa jirani. Jirani akikosa nafasi anajikunja."

"Maneno ya vitabu. Damu haifichiki."

Hapo Mama akaweka birika chini. Mama yangu huvaa soksi mwaka mzima, kuwe na joto kusiwe na joto, akisema miguu yake inasikia baridi. Akaketi karibu na Kinyozi, akavua soksi moja, akanyoosha mguu mbele ya mumewe.

Kidole kilikuwa kimeinama kuliko vyote.

"Haya, mume wangu," akasema. "Na mimi ni dada yako?"

Shangazi alicheka mpaka akagaragara zuliani. Kinyozi alijitahidi asicheke, akashindwa. Baba peke yake hakucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu viatu vya harusi yetu."

"Mbona hukusema?"

"Ulivishona usiku na mchana. Ukivipangusa vumbi kama unampangusa mtoto mchanga. Ningeanzia wapi?"

Baba akanyanyuka, akatoka. Nilidhani nimemvunja moyo. Lakini alirudi kutoka karakana na ile kalibu ya babu, mguu wa mti ambao kila kiatu cha nyumba yetu kilishonwa juu yake. Mbele ilichongoka kama mdomo wa ndege. Akaiweka juu ya mchoro wa Kinyozi. Juu ya mguu wa Mama. Juu ya wake mwenyewe.

"Haimtoshi mtu," akanong'ona. "Marehemu baba aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Hakuna aliyewahi kuuliza ni mguu wa nani."

"Si kiatu peke yake, Baba," nikasema haraka, maana ni kweli na nilitaka apumue. "Wengine huzaliwa na miguu myepesi kupinda. Damu hulegeza mlango. Kiatu ndicho kinachosukuma."

"Sasa kitanyooka?" Kinyozi akauliza, akikitazama chake kwa huruma.

"Hicho kinundu ni mfupa, hakiyeyuki. Lakini viatu vipana mbele, visivyo na kisigino kirefu, na pedi laini mahali panaposuguliwa, vitapunguza maumivu. Maumivu yakikataa, hospitalini wapo wanaofanya upasuaji." Nikakishika kidole cha Shangazi kilichojikunja, kikanyooka mkononi mwangu. "Hiki bado kinasikia. Kikikauka ndipo kazi. Tutakifanyisha mazoezi."

Nikatupa vitambaa vya kufutia vyombo sakafuni, kila mtu avikusanye kwa vidole vya miguu. Sijawahi kuona posa ya namna ile. Mama akamshinda Baba. Baba akadai kitambaa chake ni kizito. Kinyozi, kwa utulivu wa mtu aliyezoea wembe, akaokota kijiko kidogo kwa vidole, akakitua ndani ya kisahani bila mlio.

"Huyu huyu," Shangazi akasema. "Sitaki mwingine."

Baba akajifuta jasho. "Haya. Nimepoteza mdogo, nimepata shemeji."

Kinyozi akatazama zulia. "Nilikuwa nimeanza kuzoea, mzee. Kuwa mtoto wa mtu."

Baba akamsogezea kiti. "Umevaa viatu vyetu mpaka umepinda. Unataka ushahidi gani zaidi? Kaa, chai inapoa."

Wiki hiyo Baba alichonga kalibu mpya. Urefu aliupima kwa maharusi wenyewe, lakini kwa umbo la mbele aliniita karakanani, akaniambia nivue raba. Akaushika mguu wangu muda mrefu, akiuzungusha huku na huku, penseli sikioni.

Siku ya harusi Shangazi alicheza mpaka wapiga muziki wakaomba maji. Viatu vyao vilikuwa vipana, na mgeni mmoja akasema maharusi wanatembea kama bata. Shangazi akamjibu kwamba bata hajawahi kuonekana akichechemea.

Ila mimi nakumbuka zaidi ile siku ya karakana, harufu ya gundi, na Baba akiuachia mguu wangu hatimaye.

"Aliyekuokota sokoni," akasema bila kunitazama, "alijua kuchagua."