Karatasi ya Kijani

Ardhi ilitikisika tukiwa tunakunywa chai. Vikombe viligongana kidogo, taa ya darini ikayumba mara tatu nne, kisha kimya.

"Tatu," alisema Mzee Matsukuma.

"Mbili," nilisema mimi.

Akawasha redio. Ilikuwa tatu. Mzee akacheka hadi bega likatikisika.

"Fundi, miguu yako imezeeka kabla ya yangu. Haisikii tena kitu."

Ndivyo tulivyo hapa Oyanagi. Wengine wakitikiswa huita miungu. Sisi hutaja namba, kwa kipimo kinachoishia saba, halafu tunangoja redio itwambie nani kapatia. Tumezaliwa tukitikiswa. Zamani tulijua na mpangilio wake, au tulidhani tunaujua: kwanza anakuja mama, tetemeko kubwa, kisha watoto wake wanafuata, kila mmoja mdogo kuliko aliyemtangulia, mpaka wanaisha. Mama akishapita, unafagia vigae vilivyovunjika na maisha yanaendelea. Baba yangu alinifundisha hivyo, nami nikawafundisha wanagenzi wangu hivyohivyo, kifua mbele. Mpumbavu mimi.

Miaka mitatu iliyopita, Alhamisi jioni, alikuja mmoja mkubwa sana. Tukasema huyu ndiye mama. Kijiji kizima kikahamia ukumbi wa shule, na usiku kucha watoto wakafuata, tano, nne, tatu, mbili, moja, sawasawa na tulivyozoea. Kufika Jumamosi asubuhi watu walishaanza kutaniana.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba. Jina langu ni Harazono Tokuji, seremala, na maseremala wenye cheti huitwa baada ya tetemeko kukagua nyumba kwa kujitolea. Unatazama msingi, nguzo na paa, halafu unabandika karatasi mlangoni. Nyekundu: usiingie. Njano: kuna hatari, jihadhari. Kijani: nyumba imekaguliwa, haina tatizo. Chini yake unaandika saa na jina lako.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Mzee Matsukuma na mkewe, Bi Kinue. Nyumba ya zamani, paa la vigae vizito vya udongo, nguzo zimekaa juu ya mawe. Nguzo moja ya pembeni, upande wa jikoni, ilikuwa imesogea kwenye jiwe lake. Niliandika njano, nikabandika. Ndipo Bi Kinue akatokea nyuma yangu, aproni nyeupe mwilini, jasho usoni.

"Wee Tokuji, hiyo rangi gani tena?"

"Njano, Mama."

"Njano kwa sababu gani? Nyumba imesimama, mimi nimesimama. Aliyepinda hapa ni wewe na mgongo wako."

"Nguzo ya jikoni imetoka kwenye jiwe. Vidole viwili hivi."

"Vidole vyako au vyangu?"

"Mama, sitanii."

"Na mimi sitanii! Mzee wangu hajala tangu juzi. Kule ukumbini wanampa wali wa baridi, anauangalia tu. Eti bila tango lake la pumba, wali haushuki. Si unamjua? Mtoto wa miaka sabini na tano yule. Na chungu changu siku ya pili leo hakijakorogwa. Kwa joto hili, kesho nitakuta uozo."

Chungu hicho kila mtu kijijini alikijua. Ndani yake mna pumba za mchele zilizoloweshwa maji ya chumvi, na humo unazika matango, biringanya na figili, na baada ya siku moja unazitoa zikiwa na uchachu wake. Lakini lazima mkono uingie kila siku ukoroge, la sivyo zinaharibika. Bi Kinue alikabidhiwa chungu hicho na mama mkwe wake mwaka alioolewa, na katika miaka hamsini na mbili hakuwa ameruka siku hata moja kabla ya wiki hiyo. Alikiweka kwenye shimo la chini ya sakafu ya jikoni, mahali penye ubaridi.

"Nikuchukulie mimi basi," nilimwambia. "Niingie nikutolee."

"Uniguse chungu changu na mikono hiyo ya gundi? Thubutu! Dakika kumi tu, Tokuji. Tatizo ni kwamba mzee akisikia njano hataniacha hata nivuke kizingiti. Kwani lile kubwa si limeshapita?"

Niliitazama ile nguzo. Nilipiga hesabu zangu za kiseremala, nikajiambia: kilichobaki ni vitoto, na vitoto nguzo hii itavistahimili.

"Limepita," nilisema.

Neno hilo nililitamka mimi, kwa mdomo wangu. Nikatoa karatasi ya kijani, nikaijaza, nikaibandika. Ile ya njano aliibandua yeye mwenyewe. Sikuangalia ameipeleka wapi.

"Ukipita jioni nitakuwa nimekuwekea biringanya," alisema, akaenda zake kumwambia mumewe habari njema.

Saa tano na dakika kumi asubuhi akaja mama wa kweli. Hakuna aliyetaja namba. Nilikuwa barabarani, nikatupwa chini mara mbili, na nilipoinua kichwa, upande wa kwa Matsukuma palikuwa na vumbi tu.

Tulimfukua watu sita. Mimi ndiye niliyenyanyua boriti ya mwisho. Alikuwa amepiga magoti kando ya shimo la jikoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa na pumba hadi kwenye kiwiko. Chungu hakikuwa na ufa hata mmoja. Nililia kama mtoto, watu wakanishika mabega, wakasema fundi ana moyo mwema.

Hakuna aliyenilaumu. Nyumba nyingi zilianguka siku ile, hata mpya, hata zisizokuwa na kasoro. Tetemeko kubwa kuja nyuma ya lingine kubwa, nani angelijua? Watu walisema hivyo, nami nikajificha nyuma ya maneno yao. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba nyumba ile haikustahili kijani.

Kisha nikaanza kwenda kwa Mzee kila Jumamosi. Nilimjengea nyumba ndogo yenye paa jepesi la bati, kwenye kiwanja kilekile. Nilipomaliza kujenga, nikaendelea kwenda. Nilinyoosha milango iliyokuwa imenyooka. Nilipiga randa makabati yaliyokuwa laini. Mzee alikuwa amekitunza chungu, akakikoroga kila siku kwa mkono wake, na kila nilipokuja aliniwekea sahani ya matango pembeni ya chai. Sikuwahi kula hata kipande. Nilimwambia daktari amenikataza chumvi kwa ajili ya presha. Presha sina.

Kwa nini sikusema? Woga, kwanza. Sitajipamba. Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hili lilinikosesha usingizi zaidi: nikisema nilibadilisha karatasi, ataniuliza kwa nini. Na nikimjibu kwa nini, nitakuwa nimemkabidhi mzee wa watu lile tango.

Sasa Jumamosi hii, baada ya redio kuzimwa, Mzee alisogeza kikombe chake.

"Wamekuja watu wa ofisi ya kijiji," alisema. "Wiki ijayo kwenye kumbukumbu ya waliokufa na tetemeko, wanataka kuwapa shukrani mafundi waliokagua nyumba. Wewe utapewa cheti. Wameniomba nikukabidhi mimi."

Niliweka kikombe chini.

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia sawa. Watu watafurahi kuona. Mjane wa kiume anamshukuru fundi."

Alinitazama alipokuwa akisema hivyo. Hakutabasamu. Nilijiona nimesimama mbele ya kijiji kizima, mzee huyu akiniinamia na goti lake bovu, na nikajua sitaweza. Afadhali anitemee mate.

"Mzee, usinipe kitu," nilisema. "Nyumba yako niliiandika njano. Niliona kabisa nguzo imetoka. Halafu nikabadilisha nikaweka kijani. Nilidhani kubwa limepita. Bi Kinue alikufa kwa sababu yangu."

Nilipiga paji la uso kwenye mkeka na kubaki hapohapo. Nilisikia Mzee akinyanyuka, goti likilia, akaenda taratibu hadi kwenye picha ya marehemu, akafungua droo. Akarudi. Kitu chepesi kikawekwa karibu na kichwa changu.

Ilikuwa karatasi ya njano, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Chini kulikuwa na mwandiko wangu: saa nne na dakika ishirini asubuhi, Harazono.

"Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake," alisema Mzee. "Nilirudishiwa pamoja na miwani."

"Lini?"

"Kabla hatujamzika."

Sikuweza kuinua kichwa. Miaka mitatu ya Jumamosi. Chai zote zile.

"Mbona hukunifukuza?"

"Nilitaka. Ulipokuja na mbao zako siku ya kwanza, nilitaka nikuvunje mkono. Nikasema ngoja aseme mwenyewe. Nikangoja. Wewe ukawa unanipigia randa kabati." Alivuta pumzi. "Mlango ule umeunyoosha mara tano, fundi. Sasa haufungi vizuri."

"Nisamehe."

"Inuka, bwana. Sikukungojea kwa ajili ya hilo."

Niliinuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile ya kila siku.

"Mtu aliyeongea naye vizuri mara ya mwisho ni wewe," alisema. "Mimi pale ukumbini aliniambia tu, tumepewa kijani, nakwenda nakuja. Nilikuwa nimenuna, sikumjibu hata ndiyo. Lakini wewe ulibishana naye. Nilipoona hiyo karatasi nilijua tu mmebishana, na Kinue akibishana, wee! Miaka mitatu umeyakalia maneno yake. Niambie. Alikwambia nini hadi ukabadilisha?"

Hapo nikadanganya. Nilikuwa nimeshadanganya kwa faida yangu muda wote huo, nikaona safari hii nidanganye kwa faida ya mwingine.

"Alisema chungu kitaoza. Cha mama mkwe wake."

"Na nini tena?"

"Ni hayo tu."

"Tokuji."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilitazama mikono yangu.

"Alisema huli. Alisema bila tango wali haukushuki."

Nje, mtu alipita na toroli, akatuamkia kutoka barabarani, hatukumwitikia.

"Sema kama alivyosema," aliniambia. "Usipunguze."

"Alisema wewe ni mtoto wa miaka sabini na tano."

Alianza kwa kucheka. Kicheko kile kilipanda kidogo, kikakatika, na mzee akajifunika uso kwa viganja vyote viwili akalia kwa sauti, bila haya, mbele yangu. Nililia na mimi. Sikujua nimshike au nimwache, nikamwacha.

"Wali ule niliususa makusudi," alisema baadaye. "Haukuwa mbaya. Nilinuna kwa sababu nimelazwa sakafuni pamoja na watu. Nilijua nikisusa atahangaika. Nilijua atakwenda tu." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Hilo sijamwambia mtu. Basi tuko wawili."

Akaenda jikoni. Nilimsikia akifunua shimo, nikasikia mkono ukiingia kwenye pumba, taratibu, unazungusha. Alirudi na tango moja, amelikata vipande vinene, visivyolingana, akasukuma sahani mbele yangu.

"Usiniletee habari za presha."

Nilikula. Kila chungu cha pumba hushika ladha ya mkono unaokikoroga. Hilo wake zetu wote wanalijua. Nilikuwa nimeogopa miaka mitatu kukuta humo ladha ya Bi Kinue. Nilitafuna, nikaitafuta, na sikuipata. Ilikuwa imekwisha. Chumvi ilizidi, uchachu ulikuwa wa mzee mtupu. Nilikuwa nimechelewa hata hilo.

"Imebadilika, eh?" alisema Mzee. Alikuwa ananitazama.

"Imebadilika."

"Mwaka wa kwanza alikuwa bado yumo."

Ardhi ikatikisika tena, kidogo. Vikombe viligongana. Tulikaa tumetazamana hadi ikatulia, na hakuna aliyetaja namba wala kuwasha redio.

"Wiki ijayo cheti hakuna," alisema Mzee. "Tutapanda jukwaani wote wawili. Wewe utasema ya karatasi." Alichukua kipande cha tango, akakishika tu. "Ya tango nitasema mwenyewe."