Nani Kasema Haitengenezwi Tena

"Vumbi lako nimelipiga pasi, shemeji. Nimelipiga pasi likaingia kwenye kola ya shati la bwana harusi. Sasa nielekeze, yule mtu nikamwambie nini?"

"Mwambie ni unga wa dhahabu, aongeze shukrani."

"Mimi sicheki."

"Hata mimi sicheki. Kazi yangu imekatika katikati kwa sababu yako, na wewe umeshika shati."

Dobi alikuwa ameliinua shati lile juu, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota ushahidi. Mama Shaba alisimama kwenye mlango wake, miwani ya kazi ameisukuma hadi kwenye paji la uso, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango huku na mwingine kule, mtu asipenye. Milango yote ya ushoroba ule ilikuwa imeshafunguka. Msusi wa chumba cha mwisho alitoka na kitana mkononi, mteja wake nyuma, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Kwenye jumba lile ugomvi haukuwa wa watu wawili kamwe. Ulikuwa mali ya ghorofa nzima.

Dobi alimwita Mama Shaba shemeji kwa sababu marehemu mumewe alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumkaripia, na Mama Shaba alikuwa na ruhusa ya kumjibu. Lakini tangu mashine ile iingie, utani ulikuwa umepungua na makaripio yamebaki peke yake.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa kuliko jiko la mezani. Reli za chuma, mota ndogo iliyosimama wima, na kwenye ncha ya mota kichongeo chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Mama Shaba aliiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande, kama watu wanavyojenga nyumba. Kompyuta iliiambia ipite wapi, nayo ikapita, ikikwangua shaba kutoka kwenye ubao mwembamba hadi zikabaki njia za umeme peke yake. Ubao huo ndio bodi, ile unayoiona ukifungua redio, imejaa vidudu vya rangi rangi. Jina la Mama Shaba alipewa na watu wa ushoroba, kwa sababu chembe za shaba hazikumtoka kwenye kilemba hata siku ya sikukuu.

"Na kelele," Dobi aliendelea. "Inalia kama mbu aliyekabwa koo. Nikilala naisikia, nikiamka naisikia."

"Ukilala wewe ndiye unayepiga kelele. Muulize mkeo."

Msusi alicheka, na mteja wake akacheka kwa sababu msusi amecheka. Hapo ndipo sauti ya funguo ilipopanda ngazi.

Msimamizi wa jengo alitembea na shada la funguo kiunoni, likimtangulia kama kengele ya ng'ombe, na kila mtu alimwita Mzee Funguo, mbele yake na nyuma yake. Alisikiliza kwa mtindo wake, akitazama dari. Kisha akatoa kauli. Vyumba vile ni vya kulala, si karakana. Malalamiko yamemfika. Mashine itoke kabla ya jua kuzama.

Hata Dobi aliteremsha shati. Yeye alitaka kugomba, na kugomba ni kitu kimoja. Kufukuza ni kitu kingine.

Mama Shaba alijua ikitoka itakwenda wapi: kwenye maboksi chini ya kitanda. Na yeye angerudi kwenye kibanda alichokiacha, kupuliza vumbi redio za wateja wa mtu mwingine, na kusikia yule bosi wake akimwambia kila anayeingia, "Hii haitengenezeki, katupe." Neno hilo lilimkera kuliko njaa. Tena asubuhi ile ile alikuwa amelipinga hadharani. Mashine ya kukandia unga ya mwoka mikate wa kona ilikuwa imekufa, na mawakala wa kampuni wakamwambia bodi yake haitengenezwi tena, anunue mashine nyingine nzima. Mama Shaba alikuwa kwenye foleni. Akasema, mbele ya foleni, "Nani kasema haitengenezwi? Nipe hiyo iliyoungua. Kesho utakanda." Na kitu kikisemwa kwenye foleni ya mkate hufika kila nyumba kabla ya mkate wenyewe.

"Siitoi," alisema.

Mzee Funguo alishusha macho kutoka darini. "Umesemaje?"

"Nimesema siitoi. Mnahukumu kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekiona kikifanya kazi. Mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujieleza. Ingieni. Wewe Mzee, wewe shemeji na shati lako, wewe msusi na huyo mwenye nusu kichwa. Ingieni mkae muione. Ikimaliza, na bado mnataka itoke, mwenye mabega aibebe. Mimi sitaigusa."

Akaondoa mikono kwenye fremu.

Shangazi yake, dada wa baba yake, aliyekuwa akiishi naye na asiyeweza kupika chakula cha watu wawili tu hata akifungwa kamba, alikuwa ameshaanza kupanga vigoda. "Karibuni, karibuni jamani. Viatu acheni pale. Ninyi mkija kugombana mnakuja wengi, mkiitwa kwa wema hamuonekani."

Wakaingia. Chumba kikajaa. Upande mmoja kitanda na sufuria za Shangazi, upande wa pili meza ya mashine, na ukutani, kwenye misumari, bodi zilizoharibika zimening'inizwa kama samaki wa kukaushwa. Mama Shaba alibandika kipande kipya cha shaba kwenye kitako cha mashine kwa gundi ya pande mbili, akakibonyeza kwa viganja kote kote.

"Sasa sikilizeni. Shaba hii mnaiona imelala sawa, lakini haikulala sawa. Ina vilima na mabonde. Kichongeo kinatakiwa kikwangue unene wa unywele tu. Kikizidi, kimekata njia. Kikipungua, hakijafanya kitu. Kwa hiyo mashine inaipapasa kwanza. Na wakati inapapasa, mtu asitembee, asicheze mguu, asigonge kitu. Sakafu hii ni mbao tupu."

"Na kupumua?" Dobi aliuliza.

"Pumua kwa zamu."

Basi ikawa hivyo. Watu wenye midomo mirefu kuliko wote katika jumba wakakaa kama wanapigwa picha ya zamani. Kichongeo kilishuka, kikagusa shaba kidogo, kikapanda, kikasogea, kikagusa tena, kama mkunga anayetafuta mgongo wa mtoto. Msusi aliambiwa akalie mikono yake, kwa sababu ya bangili. Mzee Funguo alilishika shada lake kwa mikono miwili, likakaa kimya, na bila mlio ule alionekana mdogo. Dobi alikuwa hawezi kutulia, mara ajikune, mara ageuke, mpaka Mama Shaba akampa ile bodi iliyoungua ya mwoka mikate aishike, kama mtu anavyompa mtoto kijiko.

Kisha mota ikaanza. Ilikuwa kelele kweli, hakuna wa kukataa. Lakini kwa karibu haikuwa ile ya kupitia ukutani. Shaba ilikuwa ikikatika mstari kwa mstari, ya kung'aa, na bomba la kufyonza vumbi likikifuata kichongeo nyuma nyuma. Minong'ono ikaanza. Mteja wa msusi akasema zinafanana na njia za nywele kichwani. Msusi akasema kichwa cha mtu gani hicho, cha kona kona namna hiyo. Shangazi akawaambia habari za mwoka mikate na mawakala, akatia chumvi pale alipoona pamepwaya.

"Shemeji," Dobi akasema.

"Nyamaza."

"Shemeji, hii yako na hii yangu hazifanani."

"Hiyo imeungua."

"Siongelei kuungua. Hii njia nene hapa inakata kushoto. Ya kwako inakwenda kulia. Na hiki kijumba cha miguu mingi kiko huku, kwako kiko kule." Aliinua ile bodi kuukuu kando ya mashine. "Umeipiga pasi ndani nje."

Mama Shaba alitazama mara moja tu. Akaminya kitufe chekundu, mota ikafa.

Aliliona kosa lote kwa mkupuo. Kawaida yake huchora bodi akiitazama kwa juu, upande wa vifaa, kisha huigeuza kama kwenye kioo, maana mashine huchonga upande wa chini. Safari hii alikuwa amepiga picha upande wa chini wenyewe. Haikuhitaji kugeuzwa. Lakini mkono umezoea, na asubuhi alikuwa na hasira za foleni, mkono ukaigeuza. Kila mguu wa kila kifaa ungetua kwa jirani yake. Mashine ya unga ingefuka moshi mara ya pili.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa msusi, na hakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kikishatoka hakichagui pa kukaa. Funguo zikalia. Mzee Funguo alikuwa amesimama.

"Basi. Tumeiona. Kelele, vumbi, na kazi yenyewe kombo. Mwanangu, mambo haya yana wenyewe. Wana viwanda vyao huko. Fungasha."

Mama Shaba aliingiza kisu chembamba chini ya ubao, akaubandua taratibu. Akatoboa tundu kwa keke ya mkono, akautundika msumarini, pamoja na wenzake.

"Mzee, tazama ukuta huu. Hizi zote ni zangu. Hii nilikata kina mno. Hii gundi iliachia, bodi ikatembea. Hii kichongeo kilivunjika. Sijaficha hata moja, wageni wote wanaziona. Na leo nimeongeza nyingine mbele ya mashahidi. Mimi nimekosea na nitakosea tena, humu humu ndani, kwenye chumba hiki. Hao wenye viwanda walishakataa kuitengeneza. Wameikataa bila hata kujaribu wakakosea. Sasa kati yangu na wao, nani afungashe?"

"Sheria ni vyumba vya kulala."

"Sawa," alisema msusi, akaitoa mikono chini ya mapaja. Bangili zikalia zote kwa pamoja. "Mimi nasuka chumbani kwangu, Mzee. Huyu Dobi ana pasi na mabeseni mpaka mlangoni. Ukianza na mama huyu, unaishia kwa nani?"

Mzee Funguo alimgeukia Dobi, kama mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea. "Wewe ndiye uliyelalamika."

Dobi aliitazama bodi kuukuu iliyokuwa bado mkononi mwake. Ilikuwa wazi kwamba kuwa sahihi kumempendeza, na kwamba hakutaka kuondoka bila kuona mwisho wa kitu alichokisahihisha.

"Nililalamika vumbi na kelele. Na bado nalalamika, asije akadhani nimepoa. Shemeji, bomba lako la vumbi mwisho wake uko wapi?"

"Dirishani."

"Na kamba yangu ya nguo iko wapi?"

Mama Shaba alikwenda dirishani, akachungulia chini. Mashati meupe yalikuwa yamejipanga sawia chini ya mdomo wa bomba, yakisubiri.

"Hilo nakupa," alisema. "La vumbi una haki. Bomba nalizamisha kwenye ndoo ya maji, leo. Na hilo shati nalifua mwenyewe."

"Usilifue. Wewe utanigeuzia."

Hapo chumba kizima kilicheka, na Mama Shaba naye. Dobi akaongeza kwamba kelele isisikike saa ya watu kupumzika mchana, na mashine ijengewe sanduku, mbao anazo yeye. Halafu akarudi kwenye kigoda, akakaa, akajishika magoti. "Haya, papasa. Nimetulia."

Mzee Funguo alisema yeye hakutoa ruhusa yoyote. Hakuna aliyembishia, na hilo lilimwudhi zaidi. Akatoka, akasimama ushorobani, mlango ukiwa wazi, akisema atasubiri palepale aone nani atakayeibeba.

Kipande kingine cha shaba kikabandikwa. Safari hii Mama Shaba aliigeuza picha ikarudi ilivyo, akamwita Dobi aje kwa kunyata aweke ile kuukuu karibu na kioo cha kompyuta. Wakafuata njia moja moja kwa vidole, yeye na Dobi, kama watu wanaosoma barua ya ukoo. Njia nene, kushoto. Kijumba cha miguu mingi, huku. Sawa na sawa.

Watu wakaganda. Kichongeo kikapapasa. Mota ikalia, bomba likikoroga maji ndooni, na mistari ikatoka, safi, hadi ukingoni. Ilipomaliza, Mama Shaba aliisugua bodi kwa mswaki mkavu, akagusa njia moja moja kwa nyaya za kipimo chake. Palipopaswa kulia, kililia. Palipopaswa kukaa kimya, kilikaa kimya. Akampa Dobi aishike kwa kingo.

"Hii haitengenezwi tena," Dobi alisema, akiigeuza geuza kwenye mwanga. "Ndivyo walivyosema?"

"Ndivyo walivyosema."

Bado kulikuwa na matundu ya kutoboa na vifaa vya kuchomelea, na Mama Shaba alikuwa ameshabadilisha kichongeo kuweka keke. Lakini Shangazi alikuwa amefunua sufuria, mvuke umejaa chumba, na sahani zilikuwa zikipita juu ya vichwa kwa sababu pa kukanyaga hapakuwapo. Alipakua, akahesabu watu kwa macho, akaona mmoja amepungua. Akanyoosha shingo kuelekea mlangoni. Mzee Funguo alikuwa bado ushorobani, ameegemea ukuta, anatazama dari.

Mama Shaba ndiye aliyeichukua sahani. Akaenda nayo hadi kizingitini, hakukivuka.

"Mzee, mashine haijatoka na haitatoka. Hilo tumeshalimaliza," alisema. "Ingia ule."