Mlango Ulioomba Maji

Fundi rangi aliulaza mlango juu ya vigoda viwili ukumbini, akaupangusa, ndipo akachagua msasa. Alianza na namba sitini, ule mkali, ukiugusa unachuna kidole. Rangi ya zamani ilikuwa ya kijani, imebabuka, na rangi iliyobabuka haibembelezwi. Msasa nao haurukwi, ni kama madarasa: mkali, wa kati, kisha laini. Ukiruka, mikwaruzo itakuja kukuumbua chini ya rangi mpya.

Fundi huyu alikuwa mwanamke, na mlango ulikuwa wa chumba alichofia mdogo wake. Shemeji yake alikuwa anaoa tena Jumamosi, akataka mlango uwe mweupe. Alimwita yeye kwa kuwa mtu wa nyumbani hakatai. Siku ya maziko aliambiwa homa ndiyo iliyomchukua mdogo wake, na homa haiulizwi maswali.

Kijani kilipokwisha, mlango ukakohoa. Fundi akapangusa vumbi, akakunja msasa wa mia na ishirini kwenye kipande cha ubao, akaendelea kufuata nyuzi za mti. Mlango ukaanza kulalama bila maneno, kama redio isiyoshika stesheni.

"Umeanza tena huo," alisema mama wa shemeji, aliyekuwa pembeni akichambua mchele. "Upige ule laini, mwanangu, utanyamaza."

Haukunyamaza. Kadiri mbao ilivyolainika ndivyo sauti ilivyotakata, mpaka ikawa ya mdogo wake mwenyewe, na ile tabia yake ya kuvuta mwisho wa maneno.

"Mama, nifunguliee. Maji tu. Nikinywa utafungaa."

Fundi akaweka kiganja juu ya mbao. Ilikuwa ya moto.

"Aliomba sana?"

"Mpaka alipochoka," alisema bibi, akitupa kijiwe. "Mume alisafiri, akasema asifunguliwe, atakimbilia kwenu. Sasa mimi ni nani nifungue mlango wa mwanamume?"

Fundi alilitazama komeo alilolifungua mlangoni asubuhi. Lilikuwa la kusukuma tu, halina hata kufuli.

Shemeji akaingia, akapitisha mkono kwenye mbao kama anayepapasa kitambaa dukani. "Safi. Komeo lirudi palepale, kwa nje. Lipake mafuta, linakwama."

"Shemeji, humsikii?"

"Namsikia. Ndiyo maana nimenunua rangi nzito."

Rangi nzito ilifanya kazi yake. Kila mkono wa rangi ulimeza maneno kidogo, hadi pande zote mbili zikawa nyeupe na kimya. Kisha fundi akafanya jambo ambalo fundi hafanyi: ukingo wa chini, pale mtu aliyelala sakafuni anapoweka mdomo, aliupiga msasa laini kuliko wote, akauacha bila rangi. Bibi harusi asikie, alijisemea. Akisikia atarudi kwao.

Jumatatu alifuata vigoda vyake. Shemeji alikuwa amekwenda kazini, komeo limesukumwa. Fundi akalivuta. Bibi harusi alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni, na sakafuni, karibu na ukingo, palikuwa na kikombe cha maji.

"Nimempa, lakini hanywi," alisema bibi harusi. "Anaomba tu."

"Mdogo wangu, twende. Mlango huu hapa, uko wazi."

"Nyumbani wameshaniaga, dada. Funga tu, asije akakukuta."

Fundi alibaki kizingitini, mkono kwenye rangi yake nyeupe. Mama wa shemeji, aliyekuwa ukumbini akipepeta mchele, akaweka ungo chini, akainuka kwa kushika magoti, akamwondoa mkono taratibu kama unavyomwondoa mtoto jikoni.

"Utauzoea, mwanangu," alimwambia yule wa ndani. "Sisi tumeuzoea." Kisha akamgeukia fundi. "Wewe unaondoka. Sisi tunabaki."

Akaurudisha mlango, akalisukuma komeo. Liliteleza bila kukwama hata kidogo. Mafuta yalikuwa yameenea vizuri.