Mtoto Chini ya Koti

Saa nane na dakika ishirini mchana, mwezi Februari 1973, kigari cha mtoto kilikuwa kimesimama nje ya duka la vyakula pale Bredäng, nchini Uswidi, na hapakuwa na mtu karibu nacho. Theluji ilikuwa imeshika juu ya turubai lake. Ndani yake mtoto alikuwa analia.

Nilikuwa nimesimama kando, nikilinda sanduku langu. Wangari, Mkenya aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, na ambaye chuo kilimtuma kunipokea uwanja wa ndege, alikuwa ameingia dukani kununua mkate na maziwa. Kesho yake nilipaswa kuanza mafunzo ya uuguzi wa watoto. Nafasi ilikuwa moja kwa nchi nzima, na wizara ilinipa mimi, Dafrosa, mkunga wa hospitali ya misheni huko Ngara. Nilikuwa nimeonywa kwamba atakayeharibu atarudishwa kwa ndege inayofuata, na kwamba baada yake huenda asipelekwe mwingine.

Watu walipita. Mwanamume mwenye kofia ya manyoya alichungulia ndani ya kigari, akaendelea na njia yake. Mwanamke aliyekuwa na mbwa hakuchungulia kabisa. Kipimajoto kilichopigiliwa ukutani kilionyesha nyuzi nane chini ya sifuri. Nilikisoma tena, nikidhani nimekosea.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtoto mchanga aliachwa kwenye baraza ya kliniki yetu asubuhi ya mvua. Mlinzi alimwona. Mpishi alimwona. Kila mmoja alidhani mama yake yuko karibu. Aliponifikia mimi alikuwa ameshapoa, na kwenye nafasi ya sababu ya kifo niliandika baridi. Asubuhi ile kule Ngara zilikuwa nyuzi kumi na nne, juu ya sifuri.

Kwa hiyo nilimtoa. Nilivua koti nililoazimwa, nikamweka mtoto mgongoni, nikamfunga kwa kitenge nilichokuwa nimejitanda, kisha nikalivaa koti juu yetu sote wawili. Nilisogea upande wa ukuta usio na upepo, nikawa naenda na kurudi, nikimpigapiga taratibu. Alinyamaza. Baada ya muda nilihisi uzito wa kichwa chake kati ya mabega yangu, nikajua amelala.

Mama yake alitoka akiwa na mfuko wa karatasi. Alikuwa msichana tu, mwembamba, mwenye koti la ngozi ya kahawia. Aliinama kwenye kigari, akainuka, na mfuko ukamwanguka. Sijapata kusikia tena sauti kama ile. Nilimwendea haraka nikimwonyesha mgongo wangu, lakini alichokiona yeye ni koti lililofungwa vifungo hadi shingoni. Mwenye duka alikuwa ameshakimbilia simu.

Polisi aliyekuja alikuwa mtu mzima, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Hakutaka Kiingereza changu. Alizungumza kwa Kiswidi, polepole, na Wangari, aliyekuwa ameshatoka dukani, naye akawa ananitafsiria.

"Anauliza kwa nini ulimficha."

"Sikumficha. Nilimkinga baridi."

"Dada, wameona kigari kitupu na mwanamke mgeni mwenye sanduku. Vua koti."

Nilivua. Mtoto alikuwa bado amelala, shavu lake limenata mgongoni kwangu. Mama alinyoosha mikono, lakini fundo la kitenge lilikataa, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Tulilifungua pamoja, mikono minne. Alimkagua mtoto kichwa, mikono na miguu, kama ninavyowakagua mimi wanapozaliwa.

Wangari alinieleza kwamba hapa watoto hulazwa nje makusudi, hata kwenye theluji, wakiwa wamefungwa nguo za sufu, kwa sababu hewa baridi inasemwa kuwa nzuri kwa mapafu. Nilimuuliza ni nani aliyewashauri jambo kama hilo.

"Wakunga," alisema. "Wenzako."

Baadaye nilizisoma hoja zao na kuona zina msingi. Siku ile nilikuwa na kipimajoto tu.

Polisi alimuuliza mama kama atashtaki. Mama alimrudisha mtoto kigarini, akamfunika, akasema maneno machache bila kunitazama, akaondoka. Hatashtaki, Wangari alinitafsiria, lakini anaomba nisimguse tena mtoto wa mtu. Kilibaki chuo kuamua. Polisi alipiga simu kutoka dukani, akaongea kwa kirefu, kisha akanipa mkonga wa simu. Mkuu wa mafunzo, Bi Sjöberg, alizungumza nami kwa Kiingereza safi.

"Kuna mtu aliyekuambia umchukue mtoto yule?"

"Hapana."

"Ukimkuta mwingine analia, peke yake, utamchukua?"

Wangari alikuwa akinitazama. Mwenye duka naye alikuwa akinitazama, mikono kifuani.

"Hapana," nilisema.

Bi Sjöberg alisema nifike saa mbili kamili asubuhi, na viatu vyeupe.

Wangari alibeba mkate na maziwa, mimi nikabeba sanduku, tukashika njia kati ya majengo marefu ya ghorofa. Alianza kucheka, akashindwa kujizuia. "Wengine siku ya kwanza hupoteza begi," alisema. "Wewe umeokota mtoto." Sikucheka. Mbele ya mlango wa jengo la pili palikuwa na kigari kingine, cha kijani, kimeegemezwa ukutani. Aliyekuwa ndani alikuwa analia. Wangari aliacha kucheka, akanishika kiwiko.

Niliingiza mkono mfukoni, nikapita.