Sukari Chini ya Glasi

Binti alikuwa ameinua kipande cha barafu kwenye mwanga wa dirisha, akikigeuza kama sonara anayekagua kito, mama yake alipoingia baa bila hodi. Ilikuwa mchana, hoteli imetulia. Viti bado vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na sakafu ilinukia sabuni.

"Uliniambia uko mapokezi," mama alisema.

"Si ndiyo haya, mama? Nawapokea watu."

"Usinichezee. Chuo cha famasia wamekupa nafasi. Kesho asubuhi uko darasani."

Binti alikishusha kipande cha barafu. "Shikamoo, mama. Nisubiri kidogo tu. Niko kwenye mtihani."

Kweli, mwishoni mwa kaunta alikaa mkuu wa baa, mzee mwenye upara na macho yasiyopepesa. Binti akifaulu, kaunta ingekuwa yake. Akishindwa, angerudi kuosha glasi. Mama akavuta kiti. Atashindwa, aliwaza, nami nitaondoka naye bila makelele.

"Karibu, mama. Utakunywa nini?" mkuu aliuliza.

"Maji. Na yawe maji kweli."

Mkuu akatabasamu, akamgeukia binti. "Haya. Wiski ya kizamani. Tengeneza huku unanieleza ilikotoka."

Binti akaweka donge la sukari kwenye glasi nzito. "Zamani, kokteli ilikuwa pombe kali, sukari, maji na matone machungu. Basi." Akainamisha kichupa, matone ya rangi ya kutu yakailowesha sukari. "Haya machungu yalianza kama dawa. Watu walitibia tumbo."

Harufu ya mizizi na magome ilimfikia mama, naye akakaa wima. Umri wake wote wa kazi ulikuwa umepita nyuma ya dirisha la kutolea dawa. Harufu ile aliijua kama ajuavyo sauti za wanawe.

"Baadaye watengenezaji wakaingiwa na mbwembwe," binti aliendelea. "Wakaongeza hiki, wakapamba na kile. Wateja wengine wakachoka, wakawa wanaagiza: nitengenezee ile ya kizamani. Jina likaganda hapo."

"Wateja kama mama yako," mkuu alisema.

"Kabisa," mama alijibu, kavu.

Binti akamtupia mama jicho, na mkono ukaingiwa na haraka. Akamimina wiski juu ya sukari ambayo bado ilikuwa haijayeyuka. Mama aliona chembe zimetuama chini. Sukari hupatana na maji. Pombe kali huikataa, hata ukoroge mpaka mkono ufe ganzi. Mkuu alikuwa amegeuka kupokea simu. Mama akafunga mdomo. Alichohitaji ni kunyamaza tu.

Barafu kubwa ingezificha chembe zile. Binti aliishika, akaiangalia, akairudisha. Akasubiri mkuu amalize simu.

"Nimeharibu," akasema. "Sukari haijayeyuka." Akaimwaga yote kwenye sinki.

Mama aliitazama sinki. Ni mara ngapi yeye mwenyewe alimwaga dawa ya maji kwa sababu ya ukungu mdogo tu, foleni ikimnung'unikia dirishani? Hakuwahi kumfundisha mtu jambo lile kwa maneno.

Binti akaanza upya. Sukari, matone, maji kidogo, kuponda mpaka chembe zikaacha kukwaruza chini ya glasi. Wiski ikafuata, kisha barafu. Kijiko kirefu kilizunguka bila kugusa ukingo, bila mlio, na kinywaji kikazunguka nacho kama kitu chenye uhai. Alipokamua ganda la chungwa, mvuke mwembamba wa mafuta yake ulielea kwenye mwanga, ukatua. Mama alijikuta ameinamia kaunta.

Mkuu akaonja. Akafumba macho, akaonja tena.

"Kaunta ni yako," akasema, "kama mama ataturuhusu."

Binti hakushangilia. "Twende, mama?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

Mama hakuinuka. Aliivuta glasi, akainusa kwa muda mrefu, akairudisha bila kuionja.

"Twende wapi? Tengeneza nyingine. Na pale kwenye kukoroga, nenda polepole. Sijaona vizuri."

Binti akanyoosha mkono kuchukua glasi safi, akaweka donge la sukari ndani yake, akaisogeza mbele ya mama ili aone vizuri.