Mlima wa Kapteni Thackwell

Kila Jumapili, ndani ya kibanda chao cha mbao huko Antaktika, Kapteni Aubrey Thackwell aliwahubiria wenzake wawili kwamba muungwana hauiti mlima kwa jina lake mwenyewe. Wafanyao hivyo, alisema, hawakulelewa. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuuchagua mlima wake.

Nao ulikuwa mlima haswa, mkubwa kuliko yote ya upande ule, na hapakuwa na ramani iliyoujua. Majira yote ya kiangazi Fergus Auld, mpimaji, aliuvizia kwa darubini kila mawingu yalipofunguka, akizipima pembe zake kutoka kilima hiki na kile hadi vidole vikafa ganzi. Kapteni naye alitoa mchango wake: alishika bendera.

Sasa ramani ilikuwa mezani, na meli ya kuipeleka London ilikuwa imekwisha kutia nanga. Yalibaki majina tu. Kwa kuwa muungwana hajitaji, sharti atajwe na mwenzake. Basi Kapteni akaanza kuwatendea wema, ili wema umrudie.

"Kilima hiki ni cha Auld."

"Ahsante, Kapteni."

"Na ghuba hii ya Penhale. Mpishi naye ni mtu."

"Mama atalia, mkuu," alisema Penhale, akikoroga kakao.

Bess, mbwa aliyetangulia wenzake kuvuta mizigo, akapewa mwamba. Kapteni akakohoa, akatazama dari.

"Umebaki ule mkubwa."

"Kweli, umebaki," alisema Auld.

Kapteni akakohoa tena.

"Ungefaa jina la mtu," Kapteni akaongeza. "Mtu mrefu, hivi."

Auld na Penhale wakatazamana.

"Kusema kweli, Kapteni, sisi tulitaka kuuita Thackwell," alisema Auld.

Moyo wa Kapteni ukaruka. Lakini katika shule ya bweni iliyomlea, sifa hukataliwa mara ya kwanza na kupokewa mara ya pili.

"Jamani, haifai! Haifai kabisa!" alisema, akaingoja mara ya pili.

"Si nilikwambia, Fergus!" alidakia Penhale. "Nilisema utamwaibisha mzee wa watu. Humsikii Jumapili?"

"Namsikia, ndugu yangu. Jumapili zote."

Auld akachovya kalamu, na kwa mwandiko wake mzuri usiofutika akaandika juu ya kilele: *Mlima Unyenyekevu*.

"Kwa heshima yako, Kapteni. Dunia haitajua ni wewe. Tutajua sisi tu."

Kapteni aliutazama ule wino ukikauka. Malezi yake yalikuwa makamilifu: aliwapa mikono wote wawili, akasema jina limepatikana barabara, akavaa koti, akatoka kwenda kuwakagua mbwa ambao alikuwa amewakagua muda si mrefu.

Huko nje mawingu yalikuwa yamepisha, na mlima wote ulionekana, mweupe, kuanzia chini hadi kileleni. Kapteni aliupa mgongo, akasimama kando ya Bess, ambaye alikuwa na mwamba wake.