Magurudumu Manne na Kizuizi cha Mlimani

Hasira ya Gunnvor ilianza siku mumewe, Eilif, alipoleta nyumbani lile gari la fobaifo, pana kama jiko. Kwenda wapi nalo? Safari za Eilif zilikuwa ofisini na dukani, kwenye lami ya Bergen, mji ambao mvua huumaliza kabla theluji haijaukumbuka. Ili lipate pa kulala, alilitoa uani gari dogo la marehemu baba mkwe, na Torhild, dada yake Gunnvor, akalichukua. Kila alipoulizwa, Eilif alijibu kwamba siku ya theluji watamshukuru.

Siku hiyo ilifika Pasaka. Mama yao alikuwa kwenye kibanda cha familia, ng'ambo ya mlima, alikopelekwa na jirani. Wiki ijayo angehamia nyumba ya wazee, na kibanda kingeuzwa. Hakuomba kingine ila binti zake wawili mezani usiku ule.

Waliongozana, dada nyuma na kigari chake. Waliposimama kunywa kahawa, Eilif alimtania.

“Shemeji, hilo kopo likikwama niite. Kamba ninayo.”

Torhild akacheka tu. Gunnvor hakucheka.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Juu mlimani upepo ulikuwa umefunga njia, na magari yalipangwa kwenye kizuizi yapite kwa msafara nyuma ya greda la theluji. Mama mmoja wa idara ya barabara, mwenye koti la njano, alikuja akainama kwenye matairi ya Eilif, akauliza matairi ya baridi, yale yenye misumari ya kung'ata barafu, yako wapi. Eilif akaeleza kwamba aliyabadilisha mapema, kwa kuwa misumari yake hupiga kelele kwenye lami, na isitoshe gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne.

“Kuvuta nimekuelewa,” yule mama akasema. “Kusimama je? Geuza, baba.”

Eilif alibisha, akataja ukubwa wa injini, akataja na uzito. Hakusikilizwa. Kigari cha nyuma kilikaguliwa, misumari ikaonekana, kikaruhusiwa.

Gunnvor akafungua mkanda wake. Mama yake anamngoja, na huyu mwanamume amemweka mama huyo rehani kwa ajili ya kelele za matairi! Alishuka, akatoa mfuko wa machungwa na mbao zake za kutelezea thelujini.

“Unakwenda wapi?” Eilif akauliza.

“Kwa mama.”

“Na mimi?”

Torhild, mwenye huruma kuliko wote, alishusha kioo akasema kiti cha nyuma kina nafasi ya mtu mmoja. Eilif akaanza kufungua mlango wake. Greda lilikwisha kuwasha taa za kuondoka.

Gunnvor akazilaza mbao zake kwenye kiti kile, toka dirisha hadi dirisha, na machungwa juu yake, kisha akaketi mbele.

“Nafasi ilikuwepo,” akasema, akafunga mlango.